Japan Expo: tamasha la mashabiki wa anime lililotoka shule ya biashara hadi Villepinte

Japan Expo ni tamasha la mashabiki wa anime na manga linalofanyika mwezi wa saba katika kumbi za maonyesho za Villepinte, kaskazini mwa Paris, nchini Ufaransa. Lilipofanyika mara ya kwanza, mwaka 1999, lilikusanya watu 3,200 ndani ya shule ya biashara. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2019, hesabu ya waliopita milangoni kwa siku nne ilikuwa karibu 252,000. Barani Ulaya hakuna mkusanyiko mwingine wa mashabiki wa katuni za Kijapani uliofikia ukubwa huo. Kwa msomaji wa Bukavu historia hii ina uzito wake wa pekee, kwa kuwa inaeleza jinsi katuni za Japani zilivyoingia katika lugha ya Kifaransa, na mlango huo wa Kifaransa ndio vijana wengi wa Kivu walioupitia kuzifikia. Anayemtazama Naruto kwa Kifaransa, awe Ibanda au Kadutu, anasikia sauti za waigizaji wa Ubelgiji.

Desturi ya mashabiki kukutana ukumbini na kuuziana kazi zao ilizaliwa Japani kwenyewe. Tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili 1975, vijana wa kikundi cha wahakiki wa manga kilichoitwa Meikyu walikodi chumba cha mikutano Toranomon, mjini Tokyo, wakafungua soko dogo la majarida yaliyochorwa na mashabiki. Vilikuja vikundi 32 na watu wapatao 700. Soko hilo lilipewa jina la Comic Market, ambalo Wajapani hulifupisha kuwa Comiket. Mmoja wa waanzilishi wake, Yoshihiro Yonezawa, aliliongoza kuanzia 1980 hadi alipofariki mwaka 2006. Kanuni yake moja inafaa kukumbukwa, kwa sababu ilivuka bahari pamoja na manga zenyewe: ndani ya Comiket hakuna anayeitwa mteja. Mwenye meza, anayepita kununua na anayejitolea kupanga foleni wote huitwa washiriki. Nchini Marekani mashabiki walifuata kwa njia yao wenyewe, kwanza kwa klabu iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1977, kisha kwa mikutano ya kila mwaka kama A-Kon ya Dallas, iliyoanza 1990, na Anime Expo ya California, iliyoanza 1992.

Ufaransa ilianza na televisheni. Tarehe 3 mwezi wa saba 1978 chaneli ya serikali, Antenne 2, ilifungua kipindi kipya cha watoto kilichoitwa Récré A2, na ndani yake ikaonyesha hadithi ya roboti kubwa lenye pembe linaloilinda dunia dhidi ya wavamizi wa anga. Kazi hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Toei mwaka 1975 kutokana na hadithi ya mchora manga Go Nagai, na kwa Kijapani roboti huyo aliitwa Grendizer. Wafaransa walimpa jina la Goldorak. Miezi michache tu baadaye, mwezi wa kwanza 1979, jarida la Paris Match lilimweka kwenye jalada lake, likiuita msisimko wa watoto kuwa ni wazimu. Baada yake wakaja Candy, msichana yatima, na Albator, nahodha wa maharamia wa anga. Kubadilisha majina lilikuwa jambo la kawaida kwa wanunuzi wa filamu hizo. Harlock ndiye aliyegeuka Albator, mpelelezi wa City Hunter akawa Nicky Larson, na wachezaji wa mpira wa Captain Tsubasa wakawa Olive na Tom. Mtoto wa Kifaransa alikua na mashujaa hao bila kujua kwamba walitoka Japani, na majina hayo ndiyo yaliyosafiri hadi nchi nyingine zinazotumia Kifaransa.

Mwaka 1987 serikali ya Ufaransa iliuza chaneli ya TF1 kwa wafanyabiashara binafsi. Mtangazaji aliyependwa sana na watoto, Dorothée, alihama kutoka Antenne 2 akaenda TF1, na tarehe 2 mwezi wa tisa mwaka huohuo kikaanza kipindi cha Club Dorothée. Kampuni ya AB Productions, iliyokitengeneza, ilihitaji katuni nyingi kwa bei nafuu ili kujaza saa nyingi za matangazo kila wiki, na Japani ndiko zilikopatikana. Mwaka 1988 pekee watoto wa Ufaransa walionyeshwa Dragon Ball na Les Chevaliers du Zodiaque, hadithi ya vijana wenye deraya za nyota ambayo Wajapani huiita Saint Seiya.

Haraka hiyo ilikuwa na gharama yake, na ni sharti ielezwe wazi, maana ndiyo iliyozaa chuki iliyofuata. Wanunuzi walichukua kazi kwa mafungu bila kuangalia zilitengenezwa kwa watazamaji wa umri gani. Ndivyo Hokuto no Ken, hadithi ya damu nyingi iliyoandikwa kwa vijana wakubwa, ilivyoangukia kwenye kipindi cha watoto kwa jina la Ken le Survivant. Waigizaji wa sauti waliopewa kazi hiyo walichukizwa na ukatili wake. Waliiendeleza kwa kubadilisha maneno na kutia mizaha ambayo haikuwamo katika maandishi ya Kijapani, na matukio mengine yalikatwa kabisa. Mtazamaji aliachwa na kitu ambacho si cha watoto wala si cha watu wazima, na wazazi walipoona vipande vyake walidhani wameiona Japani yote.

Lawama zilikuwa zimeanza mapema. Mwaka 1981 mwanasaikolojia Liliane Lurçat alichapisha kitabu kuhusu mtoto wa miaka mitano anayeachwa peke yake na Goldorak. Mwaka 1989 mbunge Ségolène Royal, ambaye miaka kumi na minane baadaye angegombea urais, alitoa kitabu chake dhidi ya televisheni ya watoto, na katuni za Kijapani zikawa miongoni mwa washtakiwa wakuu. Sheria nayo ilibana. Chaneli zilitakiwa kutenga angalau asilimia 60 ya filamu na tamthilia zao kwa kazi za Ulaya, na asilimia 40 kwa kazi za Kifaransa. Polepole katuni za Japani zikapungua, na tarehe 30 mwezi wa nane 1997 Club Dorothée ikafungwa. Kizazi kilichokuwa kimeketi mbele yake kwa miaka kumi kilikuwa sasa na umri wa chuo kikuu. Kilikuwa kimesikia kutoka kwa walimu, magazeti na wanasiasa kwamba kinapenda upuuzi, na kilikuwa hakijaacha kuupenda.

Wakati televisheni inafunga mlango, vitabu vilikuwa vinafungua mwingine. Mchapishaji Glénat wa Grenoble alianza kuitoa Akira, kazi ya Katsuhiro Otomo, mwaka 1990, na filamu yake ikaonyeshwa sinema za Ufaransa mwaka uliofuata. Mwaka 1993 Glénat huyohuyo akatoa kitabu cha kwanza cha Dragon Ball. Mauzo yake yaliwafumbua macho wachapishaji wengine. Mjini Paris, karibu na uwanja wa Bastille, duka la Tonkam liliuza manga zilizoagizwa moja kwa moja kutoka Japani, na wateja walinunua vitabu wasivyoweza kuvisoma kwa ajili ya picha tu. Mwaka 1991 kundi la mashabiki lilianzisha jarida la AnimeLand, ambalo lilianza kama jarida la kujitolea na likawa la kuuzwa kwenye vibanda vya magazeti mwaka 1996. Kanda za video nazo zilizunguka mkono kwa mkono. Japani na Ufaransa zilitumia mifumo tofauti ya picha za televisheni, kwa hiyo mwenye deki iliyosoma mifumo yote miwili alikuwa mtu muhimu sana miongoni mwa rafiki zake.

Mikutano midogo ilikuwepo kabla ya Japan Expo. Wanafunzi wa EPITA, shule ya uhandisi wa kompyuta iliyoko Kremlin-Bicêtre pembeni mwa Paris, walikuwa na klabu yao, Epitanime, iliyoandaa mkutano ndani ya shule. Kulikuwa pia na Cartoonist, iliyoanzia Toulon, kusini mwa nchi. Aliyehudhuria alikuta meza za majarida, chumba cha kuonyeshea kanda na jukwaa la waliovaa mavazi ya mashujaa wao. Uvaaji huo huitwa kosplei, neno ambalo mwandishi Nobuyuki Takahashi alilitumia mwaka 1983 katika jarida la Kijapani kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza, lile la vazi na lile la mchezo. Mshonaji wa kosplei kwa kawaida hulitengeneza vazi lake mwenyewe, na mashindano humpima kwa ushonaji na kwa uigizaji pia.

Katika mazingira hayo ndipo Jean-François Dufour, Sandrine Dufour na Thomas Sirdey walipoamua kuandaa mkutano wao. Wote watatu walikuwa mashabiki. Walipata nafasi katika ISC, shule ya biashara iliyoko wilaya ya 17 ya Paris, na mwaka 1999 Japan Expo ya kwanza ikafunguliwa. Watu 3,200 hawakuwa umati wa kutisha jiji kama Paris, lakini shule haikujengwa kwa ajili ya umati wa aina hiyo. Kuanzia hapo hadi mwaka 2006 historia ya tamasha ni historia ya kutafuta ukumbi. Kila lilipohamia mahali pakubwa zaidi, mahali penyewe palijaa.

Hatua iliyolitambulisha kwa watu wa nje ilikuwa kuingia CNIT, katika mtaa wa ofisi na makampuni wa La Défense. Jengo hilo lilizinduliwa mwaka 1958, na paa lake la zege lenye umbo la kuba limetua juu ya nguzo tatu tu, kila moja ikiwa mbali na nyingine kwa mita 218. Kwa miaka mingi wafanyabiashara walikuwa wamefanyia humo maonyesho ya mashine na bidhaa. Sasa wasichana wenye nywele za buluu na wavulana wenye panga za mbao walipanga foleni kwenye ngazi zake, na wafanyakazi wa ofisi za jirani wakasimama kuwatazama. Nafasi ya CNIT nayo haikutosha. Mwaka 2004 tamasha halikufanyika kabisa. Ndiyo sababu toleo la mwaka 2009 lilihesabiwa kuwa la kumi, ingawa ulikuwa mwaka wa kumi na moja tangu kuanza. Waandaaji walirudi CNIT mwaka 2005, kisha wakaiaga.

Mwaka 2006 Japan Expo ilihamia bustani ya maonyesho ya Villepinte. Huo ndio uamuzi uliobadilisha kila kitu, na haukuwa mwepesi. Villepinte iko nje ya jiji, kwenye njia ya treni inayokwenda uwanja wa ndege wa Roissy, na kijana wa Paris aliyezoea kufika kwa metro alilazimika kusafiri. Faida yake ni nafasi. Kumbi zake zilizofunguliwa mwaka 1982 ni kubwa kiasi kwamba tamasha linaweza kuongeza ukumbi mmoja baada ya mwingine kadiri linavyokua, bila kubadilisha anwani. Mwaka 2008 hesabu ilivuka 134,000, mwaka 2009 ikavuka 164,000, mwaka 2011 ikafika karibu 192,000, na mwaka 2013 ikazidi 230,000. Takwimu hizi huhesabu kila siku ya kuingia, hivyo aliyekuja siku nne huhesabiwa mara nne. Hata kwa kupunguza hivyo, ukuaji wa miaka hiyo ni wa ajabu.

Wageni kutoka Japani waliona ukubwa huo wakaanza kuja kwa wingi. Toleo la kumi, mwaka 2009, liliwaleta CLAMP, kundi la wanawake wanne waliochora Card Captor Sakura na X, na pia kundi la waimbaji wasichana AKB48 la Tokyo. Mwaka 2012 alikuja Naoki Urasawa, mwandishi wa Monster na 20th Century Boys. Mwaka uliofuata Leiji Matsumoto, baba wa Albator, alisimama mbele ya Wafaransa ambao baadhi yao walikuwa wamemjua nahodha wake tangu 1980, na sasa walikuja wakiwa wamewashika mikono watoto wao. Kwa mchoraji wa Japani, aliyezoea kufanya kazi usiku na mchana mezani kwa ajili ya jarida la kila wiki, kukutana ana kwa ana na wasomaji wa bara lingine lilikuwa jambo geni.

Wakati huohuo kilichoanzishwa kwa kujitolea kilikuwa kimekuwa biashara. Kampuni ya SEFA Event ndiyo iliyoshika uendeshaji, na pesa zilitoka kwenye tiketi na kwenye kodi ya vibanda. Wachapishaji walianza kupanga kalenda yao kwa kuangalia mwezi wa saba, wakibakiza vitabu vipya ili vitoke kwanza Villepinte. Wako mashabiki wa zamani waliolalamika kwamba vibanda vya vinyago na fulana vimemeza meza za majarida, na malalamiko hayo yana ukweli wake. Hata hivyo sehemu ya wachoraji wasiolipwa haikufutwa. Imebaki na safu zake za meza, ambako kijana anaweza kuuza kitabu alichokichora na kukichapa mwenyewe, hatua chache tu kutoka kibanda cha mchapishaji mkubwa.

Ukaribu huo umezaa matunda. Mwaka 2003 vijana wawili wapenzi wa manga, Ahmed Agne na Cécile Pournin, walianzisha nyumba ya uchapishaji ya Ki-oon kwa mtaji mdogo, wakitafuta Japani kazi ambazo wakubwa hawakuziona. Baadaye Ki-oon ndiyo iliyopata My Hero Academia kwa Kifaransa. Mchoraji Reno Lemaire alianza kutoa Dreamland kwa mchapishaji Pika mwaka 2006, hadithi ya Mfaransa iliyochorwa kwa utaratibu wa manga. Tony Valente alienda mbali zaidi. Radiant, aliyoianza mwaka 2013, ilitafsiriwa kwa Kijapani mwaka 2015, na mwaka 2018 shirika la utangazaji la Japani, NHK, likaionyesha ikiwa anime. Miaka arobaini baada ya Goldorak, hadithi ilisafiri kwa njia ileile ikielekea upande wa pili.

Waandaaji walijaribu kulipanda tamasha mahali pengine. Mwaka 2009 walifungua tawi la kusini, Marseille, katika bustani ya Chanot. Mwaka 2011 walikwenda Orléans, katikati ya Ufaransa, na Brussels. Jaribio la California lilifanyika mara mbili tu, Santa Clara mwaka 2013 na San Mateo mwaka 2014, kwa kuwa huko mikutano ya wenyeji ilikuwa imeshakomaa kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2009 walianzisha pia Comic Con ya Paris kwa wapenzi wa hadithi za picha za Marekani, ikifanyika Villepinte siku zilezile, hadi ilipojitenga na kwenda La Villette mwezi wa kumi 2015.

Barani Afrika mikutano ya namna hii ilichipuka kwa nguvu za wenyeji. Algiers ilizindua tamasha lake la kimataifa la hadithi za picha mwaka 2008, na kosplei ikapata nafasi humo. Nairobi ina NAICCON, inayowakusanya wachoraji, wachezaji wa michezo ya kompyuta na wavaa kosplei. Kongo ina wachoraji wa sifa tangu zamani: Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, alikuwa ameshachapishwa Ulaya na Glénat, mchapishaji yuleyule wa Akira na Dragon Ball, kabla Japan Expo haijafunguliwa. Kijana wa Bukavu anayechora leo ana ukoo wa pande mbili, wa Kongo na wa Japani, na zote mbili zimemfikia hasa kwa Kifaransa.

Maradhi ya korona yaliifunga Villepinte mwaka 2020 na 2021. Ni katika kipindi hichohicho ambapo manga ziliuzwa Ufaransa kuliko wakati wowote. Serikali ilikuwa imeanza kuwapa vijana wa miaka 18 euro 300 za kununulia vitu vya utamaduni, na wengi wao walikwenda moja kwa moja kwenye rafu za manga. Ufaransa ilithibitika kuwa soko la pili la manga duniani baada ya Japani. Milango ilipofunguliwa tena tarehe 14 mwezi wa saba 2022, sikukuu ya taifa, waliopita kwa siku nne walizidi 252,000, karibu idadi ileile ya kabla ya maradhi. Toleo la mwaka 2025, la ishirini na nne, lilifanyika palepale Villepinte kuanzia tarehe 3 hadi 6 mwezi wa saba, na siku yake ya kwanza ikaangukia tarehe ileile ambayo Goldorak alionekana Ufaransa kwa mara ya kwanza, miaka 47 kabla.